Hapana ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la Kemia, Fomu Tu, yaani kidato cha pili. Kurasa za mwanzo nimezichana kwa sababu zilikuwa na alama ambazo si vizuri kijana wa hadhi yangu aonekane nazo. Zilizobaki ni nyeupe, mvua imeanza leo, basi nami naanza.

Kwa yeyote atakayesoma baadaye, pengine mtu wa gazeti: mimi ni Kipkurui, meneja wa mtandao wa kibanda cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, kilicho nje ya lango la chuo, hapa Kabianga. Kibanda ni cha senge, dada ya baba, anaitwa Chepkosgei. Cheo cha meneja nilijipa mwenyewe. Yeye ananiita wewe kijana wa simu. Viungo vya mikono yake vimefura na siku hizi hawezi kushika kibuyu kwa nguvu, kwa hivyo kazi yote ya vibuyu ni ya Chepchirchir.

Chepchirchir ndiye anayechemsha maziwa na kuyapoza. Anasugua kibuyu ndani na mkaa wa mti wa senetwet mpaka kinang'aa weusi, anamimina, anafunga, halafu anangoja. Mwishowe unapata kitu cha rangi ya wingu la hapa kwetu, chenye ukali wa kukufinya masikio. Ana haraka katika kila jambo isipokuwa hapo kwa kungoja, ndiyo sababu senge alimpa jina hilo, la msichana wa haraka haraka. Jina alilopewa na wazazi ni Moureen Bochaberi. Ni Mkisii. Baba yake Momanyi alichuma chai ya kampuni mpaka mgongo ukakataa, akarudi kwao. Moureen akabaki. Anasema huko Kisii akifungua mdomo wanamwita Mkipsigis.

Majirani wanajua haya yote. Makomredi wa chuo na wateja wa mbali hawajui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Kipsigis yake ni safi kuliko yangu. Ndiyo anayonitukania kila asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Chepchirchir ameniambia kama nataka kuwa meneja nianze kwa kumeneji kuni, zote zimelowa.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimepata elimu ambayo Fomu Tu hawakunipa.

Kuna msichana wa chuo, Nelvine, anasomea biashara mwaka wa pili, na ananipenda ingawa bado hajajua. Alikuja na kikombe chake, akaangalia ukurasa wetu wa Insta, akacheka. Akasema kila siku naweka bicha ya kibuyu na maneno njooni mnunue, njooni mnunue, kama mhubiri wa soko. Watu hawapendi kuambiwa. Watu wanapenda kuulizwa. Akanionyesha stika ya maswali: unaandika swali, mtu anabonyeza, anaandika jibu, wewe unachagua majibu matamu na kuyaweka kila mtu ayaone.

Nikauliza: Ulipoonja mursik mara ya kwanza ulifanya nini?

Wacha wee. Mmoja akasema alilia. Mmoja kutoka Kisumu akasema alimpigia mama yake simu kumuaga. Mwingine akaandika kwamba alifikiri amepewa saruji, na sasa hawezi kulala bila hiyo saruji.

Jumanne, 11 Machi

Foleni. Nasema foleni. Wale waliojibu wamekuja kujionyesha, na Chepchirchir alikuwa anamsomea kila mtu jibu lake usoni akimimina. Yule wa saruji alipewa kikombe cha nyongeza, akaulizwa kama anajenga ghorofa. Senge alicheka mpaka akashika ukuta. Amekubali kwamba simu si ya kuchezea tu, ila hakusema kwa sauti.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya mawe saa kumi. Majani ya chai ya jirani yamekuwa kama yamepigwa risasi.

Jumatatu, 17 Machi

Sasa tuna kura pia. Unaweka swali na majibu mawili, mtu anabonyeza moja. Mursik na kimyet, yaani ugali wetu, ama mursik peke yake? Iliyokaa sana ama iliyokaa kidogo? Asubuhi naweka, jioni natangaza, kama tume ya uchaguzi ila mimi siibi.

Chepchirchir anasahihisha maandishi yangu. Anasema hata yeye aliyeishia la nane anajua ni picha, si bicha, na kibuyu, si kipuyu, na kwamba Wakipsigis tulipogawiwa herufi tulichukua zile zilizobaki. Nikamwambia herufi ni mali yangu nitaitamka nitakavyo.

Nimemfundisha kutumia simu ya kibanda, ile inayokaa kando ya kopo la sukari, ili ajibu watu nikiwa na shughuli. Alichopenda ni kimoja tu. Ukitelezesha kidole juu unaona majina ya waliopiga kura na kila mmoja amepiga wapi. Anakaa hapo akisoma majina kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Huyu Weldon, akasema, kila siku ananiambia anapenda iliyokaa sana, kumbe kwa siri anapenda iliyokaa kidogo. Kesho atapewa ya siri yake.

Jumapili, 23 Machi

Mzee Lazarus alikuja baada ya kanisa. Anauza ng'ombe Siongiroi na kila akipita huku lazima anywe viwili. Mwezi wa tano binti yake ana koito, siku ambayo wakwe wanakuja rasmi na ng'ombe wa mahari kukubaliwa, na anataka mursik yote ya siku hiyo itoke kwetu. Vibuyu vyote tulivyo navyo na vya kuazima. Akamwambia Chepchirchir kwamba angekuwa na mtoto wa kiume aliyebaki angemchumbia kwa ajili yake hapa hapa leo, bila kungoja mwezi wa tano. Chepchirchir akamjibu mzee, huyo mtoto angekuwa na sura yako ningemkataa. Wote walicheka. Hivyo ndivyo huwa wanaongea.

Alipoondoka senge alituketisha. Akasema koito hiyo ikiisha vizuri, yeye anapumzisha mikono. Kibanda kitakuwa cha Chepchirchir. Atamlea yeye senge kwa kitu kidogo kila mwezi, na mbao ya juu itapakwa rangi upya, iandikwe Kwa Chepchirchir. Ameshaongea na fundi.

Chepchirchir alichukua kibuyu ambacho kilikuwa tayari kisafi akaanza kukisugua tena.

Mimi nilisema hongera. Mimi ndiye damu ya senge hapa na sikutajwa, lakini si kitu. Biashara ya siku hizi iko mtandaoni, na huko mimi ndiye mwenye mji.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Sina la kuandika. Nelvine hakuja.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimevunja rekodi.

Nelvine aliniambia maswali ya chakula yamezeeka, watu wanataka kujua watu. Nikafungua kisanduku: Niulize chochote kuhusu mursik yetu. Swali lililorudi mara nyingi ni moja, ni nani anayetengeneza? Ni yule mama mzee?

Nikaona hapo pana mchezo. Nikaweka fumbo la kukisia. Mtengenezaji wetu ni (a) Mama Chepkosgei, (b) Kipkurui meneja, (c) malaika, (d) Chepchirchir. Wengi walipata. Na mimi, kwa sababu mambo yakinichangamkia sijui breki ziko wapi, nikaweka picha ya Chepchirchir na kibuyu mkononi na maneno haya: Mmepata! Lakini hamjui yote! Chepchirchir wetu jina lake ni Moureen Bochaberi, Mkisii kamili kutoka kwa migomba, na hakuna Mkipsigis wa kumshinda kwa mursik! Mko wapi kina mama wetu?

Nilidhani ni sifa. Naiandika hapa vile nilivyodhani.

Kabla ya jioni picha hiyo ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Alhamisi, 3 Aprili

Kisanduku kimejaa, na si utamu.

Kwani Wakisii wana mursik? Huo mkaa ni wa mti gani, si wa mgomba? Kwa nini alitudanganya jina? Nilikunywa mwaka mzima nikidhani ni ya nyumbani. Mwingine aliweka tu picha za kuchekacheka, nyingi. Wengine walitetea, wakaambiwa na wao ni Wakisii.

Ni watu wanaosimama mbele yake kila asubuhi na kumsalimia chamgei. Kaunta haina mahali pa kuweka maneno kama hayo, ungelazimika kuyasema huku anakuangalia na kukumiminia. Mimi niliwatengenezea mahali pa kuyaweka, tena nikawabembeleza wajaze.

Senge alisikia kwa majirani. Akaniambia mdomo wangu ni kama zizi bila mlango. Chepchirchir hakunitukana, na hilo lilinitisha. Alisema, "Ungeniuliza. Uliuliza kila mtu Kabianga, na mimi nilikuwa hapa nyuma yako."

Ijumaa, 4 Aprili

Alikuja kazini kama kawaida. Wateja nusu. Mvua ya mawe tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepata dawa. Wanaokashifu ni wachache wenye kelele, na kelele hunyamazishwa kwa hesabu. Nimeweka kura: Je, utaendelea kunywa mursik ya Moureen? Ndio. Hapana. Ndio ikishinda, na itashinda, nachapisha matokeo makubwa kama mlango na mambo yamekwisha.

Sikumuuliza. Najua nimetoka tu kuambiwa. Lakini hii ilikuwa ya kumsaidia.

Asubuhi yote ilikuwa Ndio tupu. Nelvine akapita, akatazama, akasema hiyo haitaenda popote, kura ya upande mmoja watu wanaona imepikwa, wanapita. Alisema kweli. Nikachukua simu yangu mwenyewe, nikaingia kwa jina langu la Kurui Bosi, nikabonyeza Hapana. Hivyo tu, kuchangamsha uwanja. Halafu nikatoa tangazo: Matokeo ya mapema, Ndio inaongoza, lakini Hapana wameanza kuingia! Hapana mko wapi, mbona mmelala?

Wakaamka.

Jumapili, 6 Aprili

Ndio imeshinda. Si kwa mbali kama nilivyotaka, lakini imeshinda. Nimechora matokeo kwa rangi ya kijani. Kesho namwonyesha.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika polepole leo.

Nilifika nikipuliza mluzi. Alikuwa ameketi juu ya kreti, mikono imeoshwa, simu ya kibanda kwenye goti. Hakukuwa na moto. Nikamwambia tumeshinda. Akaniambia nikae.

Alikuwa ametelezesha kidole juu. Alikuwa upande wa Hapana. Akaanza kunisomea majina, kwa sauti ile ile anayoitia wateja vikombe vyao vikiwa tayari.

"Kipsang. Yule huwa anaacha kidogo chini ya kikombe. Hapana."

"Weldon. Nilimshonea kifungo siku ya mtihani. Hapana."

"Huyu wa hosteli ya juu. Alipoumwa nilimpelekea uji. Hapana."

Aliendelea. Hakuna jina alilokosa la kusema juu yake. Wengine walikuwa wateja wa kupita tu, na hao pia aliwajua, huyu hunywa akiwa amesimama, huyu hupuliza kana kwamba ni chai. Mimi nilikuwa nimeketi nikiangalia lile kopo la sukari. Nilishajua anakoelekea.

"Kurui Bosi," akasema. Akaninyooshea simu nione, kana kwamba labda macho yake yamekosea. "Huyu wa chini kabisa. Wa chini ndiye aliyetangulia, si ndio? Ulinifundisha hivyo."

Nilisema. Ee Mungu, nilisema maneno mengi. Nikasema ni mchezo wa mtandao, kila mtu anafanya, kura lazima iwe na upande wa pili, Nelvine alisema, haimaanishi kitu, Ndio ilishinda, tazama, ya kijani. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha kwa jirani. Nilipomaliza akasema sawa.

Sijawahi kusikia sawa kama hiyo.

Halafu akawasha moto. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kuletwa na maziwa hayangoji ugomvi wa mtu. Akayachemsha, akayapoza, akasugua vibuyu, akamimina, akafunga. Kila kibuyu alikitundika mahali pake. Senge alipokuja aliona kibanda kisafi akafurahi, akadhani mambo yametulia. Chepchirchir akachukua leso yake na sweta lililokuwa nyuma ya mlango, lile linalokaa hapo mwaka mzima. Hapo senge akaelewa. Walitoka nje wakaongea chini ya mabati, mvua ikipiga, sikusikia. Senge alirudi peke yake.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuja.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuja. Nimefuta kura. Nimefuta picha. Kufuta ni rahisi ajabu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wale wa Ndio sijui wako wapi. Walikuwa wengi, niliwachora kwa kijani. Nilidhani watakuja kumuulizia, wakae, wamtetee. Wawili walikuja. Kumbe kubonyeza Ndio unaweza ukiwa umelala kitandani, lakini kuja hapa na kikombe kwenye matope ni kazi nyingine.

Jumatano, 16 Aprili

Mzee Lazarus alifika akiwa amevua kofia tangu barabarani, nikajua. Hakuketi. Senge alimkaribisha mara mbili.

"Mimi sina shita na yule msichana," akasema. "Mimi ni mtu mzima, nimekula kwa watu wote. Shita ni wakwe. Wameona kwa simu. Wanauliza, siku ya koito tutakunywa ya nani?"

Senge akamuuliza na yeye aliwajibu nini.

Mzee Lazarus akaangalia kofia yake. Akasema aliwaambia atatafuta kwingine.

Nimeona kitu. Kila mtu hana shida yeye mwenyewe. Wakwe nao ukiwafikia watakwambia shida ni ya wazee wa kwao, na wazee watakwambia ni ya wakwe. Huyo mwenye shida hasa ukimtafuta humpati. Lakini nilimpata mimi, ana jina, ni Kurui Bosi, na hata yeye anasema ilikuwa mchezo.

Kabla hajaondoka aliuliza Chepchirchir yuko wapi amsalimie.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Vibuyu vya mwisho alivyofunga vimefunguliwa leo. Ilikuwa nzuri kama zote. Niliuza yote na mimi sikuonja.

Jumamosi, 3 Mei

Senge alijaribu kusugua kibuyu mwenyewe. Niliona vidole vyake vikikataa. Nikamwomba anifundishe, akanifundisha, na mimi niliyejiita meneja nilipasua kibuyu cha kwanza na kuchoma cha pili. Cha tatu kilitoa kitu kichungu chenye vipande vya mkaa. Komredi mmoja alikunywa funda moja, akarudisha kikombe kwa adabu, akasema atapita kesho.

Jumanne, 6 Mei

Fundi ameleta mbao. Hakuna aliyemwambia asilete. Herufi za buluu, Kwa Chepchirchir, na kando amechora kibuyu kizuri kabisa. Senge alimshukuru. Tumeigeuza ikaangalia ukuta.

Ijumaa, 9 Mei

Nelvine alinitafuta, kwa mara ya kwanza ni yeye anayenitafuta mimi. Miezi miwili iliyopita ningeandika ukurasa mzima. Anataka kutumia ukurasa wetu kwa kazi ya darasani, kuonyesha jinsi maswali yanavyoleta watu. Anasema ile wiki ya Aprili idadi ya waliotushughulikia, yaani waliobonyeza na kujibu, ilipanda kama moshi. Alisema waliotushughulikia. Nilimwambia ndio, walitushughulikia kweli.

Hakuelewa, na si mbaya, ni mtoto wa watu. Aliniambia kura ya upande mmoja haiendi popote, sawa, lakini kidole kilikuwa changu. Nikamwambia atumie chochote ila asitumie jina la Moureen. Akasema lakini jina ndilo lililopandisha.

Jumatatu, 12 Mei

Nimejaribu kuandika hapa kwamba ilikuwa mchezo tu. Nimeandika mara mbili nikakata. Siku ile senge alipotangaza kibanda ni cha nani, nilisema si kitu. Nikirudi kurasa za nyuma naona nimeandika si kitu. Sasa sijui. Nilipobonyeza kulikuwa na utamu kidogo kwenye kidole, na nilidhani ni utamu wa mchezo.

Jumapili, 18 Mei

Senge amenipa ufunguo.

Alinikuta nafagia, akauweka juu ya kaunta. Akasema yeye hawezi tena, na mtu wa kumpa hayupo, basi ni wewe. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningeweza kujibu. Nitauza mandazi na soda, na chai ya maziwa. Vibuyu vimerudi nyumbani kwake, vimetundikwa jikoni vitupu.

Kwa hivyo nina kibanda. Mtu wa gazeti akija aandike.

Jumanne, 27 Mei

Mvua inapungua. Mama mmoja anayeuza mboga ameniambia Moureen yuko Boito, anakaa kwa rafiki yake Lenah, anachuma chai kwenye shamba la mtu.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeenda Boito.

Asubuhi ilikuwa na jua, lile jua la hapa linalokudanganya. Nilipelekwa na boda mpaka dukani, nikauliza kwa Moureen, si kwa Chepchirchir, kwa sababu niliona jina lile sina haki nalo tena. Nikaonyeshwa mteremko. Walikuwa wanawake sita au saba kwenye mistari, kila mmoja na kikapu mgongoni. Nilimjua kwa haraka ya mikono.

Nilisimama kwenye kinjia. Kati yetu kulikuwa na mistari miwili ya chai. Nikamsalimia kwa Kipsigis, kama tulivyosalimiana maisha yangu yote.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Habari yako."

Kiswahili cha ofisini, safi. Nilimtazama kama ataongeza kitu, tusi, lolote. Amenitukana kwa Kipsigis tangu nikiwa na kamasi. Hakuongeza. Mikono iliendelea, majani mawili na kichipukizi, ikarusha nyuma bila kuangalia.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba si mtandao, si Nelvine, ni mimi. Nikamwambia hata ile habari ya utamu kwenye kidole, ambayo sijamwambia mtu. Alisogea mbele na mstari wake, nami nikasogea na kinjia, tukaenda hivyo, mimi nikiongea na yeye akichuma, mpaka wenzake wakaanza kutuangalia. Nikamwambia kibanda kiko, mbao iko, imeshaandikwa. Arudi. Mimi nitaondoka.

Hapo akasimama. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Wale wengine walikuwa wateja," akasema. "Mteja akisema hapana anaenda kununua kwingine, biashara ni hivyo. Wewe ulikuwa unakula kwangu."

Akasema ameshanisamehe, nisilale na hilo. Lakini akirudi kila atakayekuja na kikombe atakuwa anamtafuta kwenye orodha, huyu alibonyeza wapi, na yule je, na hawezi kumimina mursik kwa mikono miwili huku akifikiria hivyo. Hapa Boito wanamwita Moureen, basi. Hawajui anajua kutengeneza kitu. Wanajua anachuma haraka.

Nilingoja amuulizie senge. Niliuliza habari za Lenah, nikauliza habari za bei ya majani, nikauliza mambo ambayo sikutaka kuyajua, ili nikae hapo mpaka amuulizie senge. Hakumuulizia. Akaangalia juu, akasema mawingu hayo ni ya mawe, nirudi mapema. Akarudi kwenye mstari wake.

Ilinyesha kabla sijafika barabarani. Nilijikinga kwenye kibanda cha kukusanyia majani na watu nisiowajua, hakuna aliyeongea kwa sababu ya makelele ya mabati.

Nilifika kwa senge nimelowa. Alikuwa ameketi jikoni chini ya vile vibuyu, mikono ameitia kwenye beseni la maji moto. Alijua nilikotoka, lakini hakuuliza kama Moureen atarudi. Aliniuliza kama amenituma salamu.

Nikasema ndio, anakusalimia sana.

Akageuza mikono majini. Halafu akauliza alinisemesha kwa lugha gani.

Nikamwambia Kipsigis, senge. Kipsigis tupu, na matusi yake yote.

Akacheka, macho ameyafunga, akaniambia niongeze maji moto.